Vigoda Vilivyomchagua Lengwa

Siku ile naikumbuka kwa vigoda, mwanangu. Wengine wakikumbuka enzi za Mjerumani hukumbuka kiboko, au njaa, au gari moshi lilivyopita mara ya kwanza ng'ombe wakavunja zizi kwa hofu. Mimi nakumbuka vigoda vimepangwa uwanjani, juani, bila watu. Na nikikumbuka hasira hunipanda hadi mikono inatetemeka, kwa hiyo huo uji usinipe sasa, nitaumwaga. Weka hapo chini. Kaa.

Jana ulisema mbele ya wenzako kwamba hutakwenda kupiga kura. Ulisema wagombea wote ni walewale, na kwamba wewe ni mtu huru, na mtu huru anaweza kubaki nyumbani kwake akipenda. Wenzako wakacheka, wakasema umenena. Mimi nilikuwa napepeta uwele pale ukutani, nikaendelea kupepeta. Usidhani nilikubali. Nilijua nikifungua mdomo nitakutukana mbele ya rafiki zako, na wewe umefanana mno na babu yako Ndahani, hata namna ya kusimama. Sikutaka kumtukana mtu mwenye sura ile. Leo tuko wawili. Leo utanisikiliza.

Mimi nililetwa kuolewa huku upande wa Nzuguni nikiwa binti mdogo mwenye haya. Nikisikia hatua za mgeni, naingia ndani ya tembe. Baba mkwe wangu, mzee Chidumizi, sikuwahi kumtazama usoni mwaka wote wa kwanza. Ndivyo tulivyofundishwa, mkamwana hamtazami mkwewe, na mimi hiyo haikunipa shida hata kidogo. Nilimjua kwa miguu yake na kwa sauti yake. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

Ndahani, mume wangu, ndiye mtoto wa kiume pekee aliyebaki katika nyumba ile. Yeye ndiye aliyechunga, yeye ndiye aliyechimba kisima mchangani pale korongoni maji yakikauka, yeye ndiye aliyembeba mama yake mgongoni alipoumwa miguu. Usiku alikuwa ananiimbia kwa sauti ndogo ili wazee wasisikie. Nakuambia haya ujue alikuwa mtu, maana wewe umemsikia kama jina tu.

Wakati ule Wajerumani walikuwa wanataka watu wa kujenga tuta la reli. Kila kijiji kilitakiwa kuwa na jumbe, na jumbe ndiye aliyekusanya kodi na ndiye aliyenyoosha kidole: wewe utakwenda kubeba udongo, wewe utabaki. Jumbe wetu wa kwanza alikufa. Basi akida, mtu wa pwani aliyewekwa na Wajerumani kututawala, akatuma habari kwamba safari hii hatatuletea jumbe. Tutachagua wenyewe. Kila mwenye mji, yaani mkuu wa kila nyumba, aje uwanjani kwa akida akae nyuma ya mtu anayemtaka, na mji ambao hautaonekana utakiona kiboko.

Waliotaka ujumbe walikuwa wawili. Msonjela alikuwa mtu mpole, mpole kupita kiasi, ukimkanyaga mguu anakuomba radhi yeye. Lakini alikuwa amesema wazi kwamba vijana watakwenda relini kwa zamu, na nyumba yenye mchungaji mmoja itaachiwa mchungaji wake. Wa pili alikuwa Lengwa. Huyo ng'ombe wake waliwahi kuingia katika uwele wa baba mkwe wangu, wazee wakamhukumu, akalipa mbuzi dume, na tangu siku hiyo hakutusalimia. Mkewe alikuwa anateka maji korongoni pamoja nasi. Siku moja akiwa anajaza kibuyu chake akasema, tena akicheka, "Mume wangu akiwa jumbe, udongo wa kwanza wa reli utabebwa na kijana wa Chidumizi. Mbuzi wetu alikuwa mnono sana yule."

Wanawake wote walisikia. Mimi nilirudi nyumbani nikamwambia mama mkwe, mama mkwe akamwambia mumewe. Nilikuwa nyuma ya ukuta nasikia. Mzee akasema, "Maneno ya kisimani hayo."

"Baba Ndahani, si maneno. Nenda ukakae upande wa Msonjela."

"Nikakae upande wa mbwa mmoja ili mbwa mwingine asining'ate? Sisi tuna mtemi wetu anayetuombea mvua. Jumbe ni mtumishi wa Mjerumani. Nikienda kumchagua, nimemkubali Mjerumani. Sitachagua mtu."

Sikiliza, mwanangu, nataka nimtendee haki. Hoja ile haikuwa ya kijinga. Kama angeishia pale, kama angebaki nyumbani na mlango wazi akamsubiri askari na kiboko chake, leo ningekuambia kwamba alikuwa dume. Lakini hakuishia pale. Alikiogopa kiboko kama kila mtu. Wazee wenzake nao walikiogopa. Wakakutana, wakanong'ona, wakapata akili waliyoiona kubwa sana.

Unajua desturi yetu ya zamani. Wazee wakiitana kwenye shauri, kila mwenye mji huenda na kigoda chake mwenyewe. Akiwa mgonjwa au yuko safarini, hutuma kigoda kikawekwa mahali pake. Kigoda kikija bila mwenyewe kinasema: sipo, ila sina ugomvi nanyi, nitakubali lolote mtakaloamua. Desturi nzuri ile, kwa watu wanaopendana. Sasa wazee wakasema, tutume vigoda. Akida ataona kila mji umeonekana, hatatupiga. Na sisi wenyewe tutakuwa hatukwenda, hatukuchagua, mikono yetu safi. Mtu wa pwani ataelewa nini habari za vigoda?

Walicheka sana kwa akili ile. Walitaka kukataa bila kuadhibiwa. Pombe ya mtama ikaandaliwa kwa siku hiyo hiyo, wainywe huku vigoda vinahangaika juani.

Asubuhi mama mkwe akaniletea kigoda. "Peleka. Kiweke, usiseme neno." Nikakitia kichwani. Njiani nikakutana na wake wa watu, kila mmoja na kigoda kichwani, kama tunahamisha kijiji. Tuliamkiana mbukwa, mbukwa, tukaendelea kutembea. Mmoja, mke wa jirani yetu, akasema, "Hivi waume zetu wangeweza kuzaa, wangetutuma tukawazalie?" Tukacheka kidogo. Kisha tukakumbuka tunakokwenda.

Uwanjani akida alikuwa amekaa juu ya kiti, kanzu nyeupe, askari wawili nyuma yake. Msonjela alikuwa upande mmoja na watu wake wameketi nyuma yake. Lengwa upande wa pili, na ndugu zake. Waliokaa kwa Lengwa walikuwa wachache, hata mimi niliyetazama chini niliona. Sisi tukaweka vigoda katikati, tukajitenga kando na kusimama pamoja. Mwanamke hakuwa na neno katika uwanja ule. Tulikuwa na macho tu.

Akida akauliza, "Na viti hivi vyote, wenyewe wako wapi?"

Hapo ndipo akili kubwa ya wazee wetu ilipopasuka. Walimfikiria mtu wa pwani, wakamsahau mtu wa kwao. Lengwa alizaliwa hapa hapa, amekalia kigoda tangu anyolewe nywele za uchanga. Akasimama, akainama kwa adabu, akasema, "Bwana akida, kwetu sisi kigoda kikija peke yake mwenyewe amekubali lolote litakaloamuliwa. Usiniamini mimi. Muulize Msonjela."

Akida akamgeukia Msonjela. "Ni kweli?"

Maskini Msonjela. Angeweza kusema si kweli. Lakini hakujua kusema uongo hata ulipokuwa na kazi. Akasema, "Ni kweli, bwana. Ndiyo desturi. Ila maana yake..."

"Basi, basi," akida akamkatiza. "Wamekubali lolote." Akamtazama Lengwa, ambaye wote tulijua alikuwa amempelekea asali wiki ile. Akaanza kutabasamu. "Na mimi nasema lolote lenyewe ni huyu hapa. Vihesabuni vigoda vyote kwa Lengwa."

Ndugu za Lengwa wakaangua kicheko, wakapiga makofi. Askari wakaanza kuvibeba vigoda kuvipanga nyuma ya Lengwa, kimoja baada ya kingine. Nikakiona cha nyumba yetu kinabebwa. Kilikuwa na ufa mguu mmoja, Ndahani alikuwa ameufunga kwa ngozi mwenyewe. Nikaona ngozi ile inapita, inawekwa kwa mtu aliyesema atampeleka Ndahani kubeba udongo. Wenye vigoda walikuwa wanakunywa.

Wakati huo alikuwepo mjane mmoja, Nhonya, mwanamke mkavu mwenye sauti kama kengele ya ng'ombe. Alikuwa amekuja na kigoda cha marehemu mumewe. Askari alipokwenda kukichukua, Nhonya akamtangulia, akakikalia. Pale katikati ya uwanja. Mwanamke, juu ya kigoda cha shauri.

"Ondoka," akasema askari.

"Siondoki. Mwenye kigoda hiki yuko kaburini, hawezi kukubali lolote. Nimekikalia mimi. Lengwa simtaki, ni mwizi. Msonjela naye simtaki, mlegevu, atawachekea Wajerumani mpaka watumalize. Simtaki yeyote kati yao. Nimekuja kusema hivyo na nimesema."

Akida akawaka. "Mwanamke hachagui!"

"Kigoda kinachagua, mimi nisichague? Kigoda kina nini ambacho mimi sina?"

Mtu mmoja upande wa Msonjela akasema taratibu, "Kina mguu wa tatu." Uwanja mzima ukacheka, hata askari mmoja akageuza uso. Nafikiri kicheko kile ndicho kilichomponza Nhonya. Akida aliona anachekwa yeye. Wakamvuta chini, wakamchapa mgongoni mbele yetu. Hakulia. Aliinuka na kigoda chake mkononi, maana alikuwa hajakiachia hata akichapwa, akakitia kichwani akaondoka. Na vigoda vingine vyote vikabaki nyuma ya Lengwa, na Lengwa akawa jumbe.

Nhonya hakwenda kwake. Mimi nilimfuata kwa nyuma kwa sababu njia ilikuwa moja, nikaona anaingia kwetu, pale wazee walipokuwa wameuzunguka mtungi. Damu ilikuwa imelowesha nguo yake mgongoni. Akasimama mbele yao.

"Hongereni," akasema. "Mmemchagua Lengwa."

Baba mkwe wangu akasema, "Sisi hatukuchagua mtu."

"Mmemchagua. Vigoda vyenu viko nyuma yake. Msonjela alikuwa na watu wengi kumshinda, mkamzika nyinyi. Makalio yenu yamekaa hapa kwenye pombe, vigoda vimekaa kwa Lengwa."

"Mwanamke, umelewa?" mzee mmoja akauliza.

"Nani ananuka pombe hapa? Sikilizeni. Kama mlitaka kukataa, mngekuja mkatae. Mimi nimekataa wote wawili, na huu hapa mgongo wangu. Lakini nyinyi hamkukataa. Mmejificha, mkawatuma wake zenu na vibao vya miti. Jua bado liko juu. Inukeni sasa hivi, nendeni pale uwanjani, mseme vigoda vile si sauti zenu. Inukeni!"

Mwanangu, nilikuwa nimesimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilimtazama baba mkwe wangu usoni. Nilitaka kumwona akiinuka. Wote walikuwa wazima, wana miguu. Uwanja haukuwa mbali. Lakini mmoja akasema tungoje kesho. Mwingine akasema akida atakuwa amekwisha kuondoka. Mwingine akaomba kata ya pombe. Baba mkwe wangu aliangalia mtungi. Hakuna aliyeinuka. Nimeishi miaka mingi, nimezika wengi, nimeona njaa mbili mbaya, na sijawahi kuwa na hasira kama ile ya kuwaona watu wazima wanaangalia mtungi.

Lengwa hakungoja. Uwele ulikuwa haujamalizika kuvunwa, akaja na askari, asubuhi, Ndahani akiwa anawatoa ng'ombe. Alimnyooshea kidole kama anayechagua mbuzi wa kuchinja. Mama mkwe akapiga yowe. Baba mkwe wangu akachukua fimbo yake, akawafuata mpaka kwa akida, akasema nyumba yake ina mchungaji mmoja, na kwamba yeye hakumkubali Lengwa hata siku moja. Waliokwenda naye walitusimulia jibu alilopewa. Akida alimuuliza, "Kigoda chako si kilikuwepo?" Akageuka akarudi na fimbo yake. Angesema nini? Kilikuwepo. Msonjela alisikia, watu wote walisikia.

Ndahani alifanya kazi kwenye tuta lile upande wa magharibi, huko kambini watu walikokuwa wanalala kwenye udongo wanaoubeba. Akashikwa na ugonjwa wa tumbo. Mwenzake aliyerudi alitueleza kwamba walimzika kando ya reli, na akatuletea ngozi aliyokuwa anajifunika. Hata mahali penyewe hatupajui. Baba yako alikuwa tumboni mwangu. Ndiyo maana baba yako hakumwona baba yake, na ndiyo maana wewe huna kaburi la babu la kwenda kupalilia. Reli unayopita ukienda mjini kuuza kuku, yeye yuko pembeni yake mahali fulani, na sababu si Mjerumani peke yake, wala si Lengwa peke yake. Nimekataa maisha yangu yote kuwapa hao wawili lawama yote. Ipo sehemu ya wale waliokaa nyumbani wakanywa.

Nhonya je? Usidhani alipata zawadi. Lengwa alimchukulia mbuzi wake, kodi yake ilikuja na matusi juu. Lakini walipokutana njiani alikuwa anamwambia mbele za watu, "Mimi sikukuchagua, wewe!" Na Lengwa alikuwa anageuza uso anapita. Wazee hawakuweza kumwambia neno hilo. Walikuwa wanalalamika wakiwa ndani, mlango umefungwa, na akitokea walikuwa wanamsogezea kata.

Baada ya msiba baba mkwe wangu hakukalia tena kigoda. Alikuwa anakaa chini kama mtoto. Siku moja alikuja mpaka mlangoni kwangu, mkwe kwa mkamwana, jambo ambalo halikuwa la heshima, akakiweka kile kigoda kizingitini. Akasema, "Nilikutuma ukibebe. Sasa ni chako." Akaondoka. Nikakiingiza ndani. Hata leo sijui kama ningemjibu ningesema nini, kwa sababu nilimhurumia na bado nilikuwa nimemkasirikia, na vyote viwili havijaisha.

Ulipofika wakati wetu wanawake kuruhusiwa kupiga kura, nilikitia kichwani nikaenda nacho. Foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Vijana wakanicheka, "Bibi, unahamia hapa?" Nikawaambia ndiyo, nimehamia. Nikakikalia mwenyewe mpaka zamu yangu.

Sasa wewe unaniambia wewe ni mtu huru. Ni kweli. Sitasema uongo kwa sababu ya hasira. Mtu aweza kukataa wote. Nhonya aliwakataa wote, na sijamheshimu mtu katika maisha yangu kama nilivyomheshimu yeye. Kama kweli wagombea hawa ni walewale, wakatae. Lakini nenda ukawakatae pale wanapohesabu. Pokea karatasi yako, iingize tupu kwa mkono wako mwenyewe, uondoke kichwa juu, na ukiulizwa sema. Huko ndiko kukataa. Kulala mpaka saa nne na kusema umekataa, huko ni kutuma kigoda. Na usifikiri kigoda chako kitakaa bure. Yuko Lengwa mahali, anaijua desturi yako vizuri kuliko unavyoijua, anasubiri mwenyewe usitokee ili akiweke nyuma yake.

Usiseme kura yako ni moja tu. Wale wazee kila mmoja alikuwa na kigoda kimoja tu. Wala usije kwangu mwakani kunilalamikia kuhusu kodi, au kisima kilichoahidiwa ambacho hakijachimbwa, kama kesho utabaki nyumbani. Nitakufukuza. Mimi bibi yako nitakufukuza, na uji hutapata.

Haya. Nipe uji sasa, mikono imetulia. Kile kigoda kiko nyuma ya mlango, mguu ule una ngozi aliyoifunga babu yako. Kesho utakibeba mwenyewe, hutamtuma mkeo wala mtoto. Na huko uendako Mungu akutangulie, akupe miguu isiyochoka foleni na mdomo usioogopa ukiulizwa. Watoto wako wakujue uso wako, wewe uwajue nyuso zao, na siku yako ikifika uzikwe hapa hapa nyumbani, mahali watakapopajua.